Kwa Treni Katika Nchi ya Luther



Wazee wengi wa Kilimanjaro walilijua jina la Leipzig kabla ya kulijua la Berlin, kwa kuwa wamisionari walioingia huko mwaka 1893 walitumwa kutoka mji huo. Mgeni ashukaye leo katika stesheni kuu ya Leipzig hustaajabia kwanza ukubwa wa jengo. Lilikamilika mwaka 1915, upana wa uso wake ni mita 298, nalo lina kumbi mbili za kuingilia zinazofanana. Prussia na Saxony kila moja ilikuwa na reli zake, na hakuna aliyekubali kuingilia mlango wa mwenzake.

Kutoka hapo, aendaye Eisenach ana njia mbili. Treni ya mwendo kasi hupita katika reli iliyofunguliwa mwaka 2015 na kufika Erfurt kwa muda usiotimia saa moja. Treni za mikoa hufuata reli ya zamani katika bonde la mto Saale, hupita karibu na mashamba ya mizabibu ya Naumburg, kisha husimama Weimar. Wageni wa kanisa, ambao ratiba zao hujaa ibada na mapokezi, kwa kawaida hupewa ile ya kwanza. Yafaa waombe ya pili.

Sababu ni Weimar. Mji huo husifiwa kwa ajili ya Goethe na Schiller, lakini kutoka stesheni yake huondoka pia basi liendalo juu kilimani hadi Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi, ambako watu zaidi ya 56,000 walikufa kati ya mwaka 1937 na 1945. Mmoja wao alikuwa mchungaji Paul Schneider, aliyepaza sauti ya mahubiri kutoka dirisha la selo yake hata alipouawa mwaka 1939. Aliyeona Wittenberg na ngome ya Wartburg, asione kilima hiki, ameonyeshwa nusu tu ya nyumba ya mwenyeji wake.

Kuhusu nauli, tangu Mei 2023 ipo tiketi ya mwezi mzima kwa treni zote za mikoa nchini. Ilianza kwa euro 49, na bei imepanda. Haitumiki katika treni za mwendo kasi. Tena, sifa ya Wajerumani ya kutunza saa isitegemewe mno: mwaka 2024 zaidi ya theluthi moja ya treni za masafa marefu zilichelewa dakika sita au zaidi. Abiria huchukua mkate, na huvumilia.

Eisenach huonekana kwa Wartburg yake, ambako Luther alilitafsiri Agano Jipya kwa majuma kama kumi na moja. Lakini asiteremke huko kila mtu. Mbele kidogo iko stesheni ndogo ya Gerstungen. Ujerumani ilipokuwa imegawanyika, hapo ndipo treni zilipokaguliwa mpakani, hati zikachunguzwa na abiria wakangoja kimya. Ukaguzi ulikoma Julai 1990. Siku hizi treni husimama kitambo, wanafunzi hushuka na mabegi yao, milango hufungwa, nayo huendelea kuelekea Bebra.