Simu ya Hatari Inapolia, Nani Anaipokea?

Juma hili tumzungumzie mtumishi ambaye wengi wetu hatujapata kumwona, ila siku ya balaa tunaitaka sauti yake papo hapo. Ni yule anayepokea simu za dharura: 112 ya polisi, 114 ya zimamoto, na 115 ya mama mjamzito na mtoto mchanga.

Nianze na huyo wa 115, namba ya mpango wa m-mama uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Tuseme kuna mama kashikwa uchungu kule Mwazye, kijiji alikozaliwa Kardinali Pengo, na damu inamtoka. Nduguze wanapiga simu, ni ya bure. Mpokeaji anauliza kwa utaratibu: mimba ya miezi mingapi? Damu kiasi gani? Kisha anatafuta gari la wagonjwa. Likiwa mbali, anamwita dereva wa gari la kawaida aliyeandikishwa, na nauli hulipwa na mpango. Lakini masika ya Ufipa mnayajua! Asiyejua njia ipi inapitika atampeleka dereva kwenye tope. Na mzee akihemewa akaongea Kifipa kitupu?

Mjini nako kuna shida yake. Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ya Sumbawanga na watu zaidi ya laki mbili, ile ya 2022 ikawakuta zaidi ya laki tatu. Katandala na Majengo zinafahamika, lakini pembeni nyumba zimeota katikati ya mashamba ya mahindi. Mtu anapiga 114: "Njooni, tunaungua, hapa karibu na mashine ya kusaga!" Mashine ipi? Vibao vya anwani za makazi vilibandikwa katika operesheni ya mwaka 2022. Wewe unayenisikiliza, nyumba yako ni namba ngapi?

London, mwaka 1935, nyumba iliungua mtaa wa Wimpole. Jirani alipiga simu, ikakaa foleni pamoja na simu za kawaida. Wakafa watu watano. Ndipo mwaka 1937 ikaanzishwa namba 999, ya kwanza ya aina yake duniani. Leo kwetu foleni hiyo huongezwa na watoto, na hata watu wazima, wanaopiga 114 kwa mzaha.

Wapo wanaoiona kazi hii kuwa ni ya kukaa kitini tu. Mimi naona ni taaluma, tena ya miaka mingi. Mwenye miaka kumi kwenye kiti hicho anaujua mji kwa masikio, anatambua kilio cha kweli na cha ulevi. Ukimhamishia masjala, ujuzi huo unaondoka naye.

Kijana wa hapa aliyemaliza shule akiniuliza aombe kazi gani, hii nitamtajia. Ila wakubwa nao watuambie: mafunzo yake ni miezi mingapi, na cheo chake kinapandia wapi?