Kotelete kwenye babula, na ile nyama tuliyoizika

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wamemba kwenye mkutano wa mwezi)



Niliombwa niseme namna ya kuchoma kotelete ya nguruwe nyumbani. Kuna waliocheka, eti mtu wa shirika anakuja kutufundisha kuchoma nyama! Lakini sababu mnaijua. Nyama ya Noeli ambayo komite iliizika bado inaleta maneno. Mchango ulikuwa wa kila mtu, na mama mmoja hadi leo hanisalimii, kwa kuwa mimi ndiye niliyesema izikwe. Ndugu zetu Waislamu mnivumilie. Mbele kidogo kuna sehemu inayowahusu pia.

Tuanze na moto. Kule Nyarugusu wengi wenu mlizoea kitimoto ya vipande vidogo, inaiva upesi. Kotelete ina mfupa, na kando ya mfupa ndipo joto linachelewa kufika. Mwambie mchinjaji akate unene wa sentimita 2 hivi, kama upana wa kidole gumba. Akizidisha, nje itaungua na ndani itabaki mbichi. Paka chumvi, tungurusumu ya kutwanga, ndimu na mafuta kidogo. Ndimu ni ya ladha tu, haiui minyoo, wala pilipili, wala kile kikombe cha pombe ambacho wababa wanakitegemea.

Makala yasubiriwe mpaka yafunikwe na majivu meupe. Hapo uyasukume upande mmoja wa babula. Weka kotelete juu ya makala dakika 3 au 4 kila upande ipate rangi, kisha ihamishie upande usio na makala, uifunike na sufuria, dakika 6 mpaka 8. Mafuta yakidondoka na moto ukawaka, sogeza nyama. Ukimwaga maji utakula majivu. Mwishoni chanja kwa kisu hadi mfupani. Ukiona wekundu au maji ya damu, rudisha. Mwenye kipimo cha joto atafute digrii 70 katikati ya nyama. Halafu iache ipumzike dakika 5, hata kama watoto wanalia.

Sasa, papa mmoja aliniuliza siku ile: "Kama moto inaua kila kitu, mbona munazika nyama yetu?" Ana haki, lakini nusu. Moto unaofika mpaka ndani unaua kweli. Ila nyama ile ilikuwa na punje nyeupe kama mchele, kwenye ulimi, kwenye bega, kila tulipokata. Ingegawanywa kwa familia zote, kila moja na babula yake, na haraka yake ya sikukuu, na mtoto wake anayeiba kipande kabla hakijaiva. Sikuweza kusimama kwenye kila babula.

Punje ile ukiimeza ikiwa hai inakuwa tegu tumboni, mnyoo wa mita kadhaa. Mwenye tegu mara nyingi hasikii kitu. Mayai yanatoka na choo. Nguruwe anayezurura anayala, punje zinaota ndani ya nyama yake. Na mtu pia anaweza kuyameza mayai hayo, kwa mkono usionawiwa, kwa mboga, kwa maji. Hapo punje zinaota ndani ya mtu, hata kwenye ubongo, na anaanza kuanguka kifafa. OMS inasema kwamba sehemu nyingi zenye ugonjwa huu, karibu watu 30 kwa kila 100 wenye kifafa wamekipata kwa njia hiyo. Kwa hiyo hata asiyeonja nguruwe maisha yake yote anaweza kushikwa, jirani yake akijisaidia porini.

Mnamkumbuka msichana wa mtaa wetu aliyetolewa shuleni kwa sababu ya kuanguka. Chanzo cha ugonjwa wake atakisema daktari. Lakini yule bibi aliyeambiwa amemroga amehama nyumba yake, na waliosema tuko nao humu ukumbini.

Tangu sasa komite isitoe franga zote kabla ya kuchinja. Mnunuzi amfungue nguruwe kinywa, avute ulimi, apapase chini yake. Akisikia punje, aache. Asipozisikia bado si hakika, maana ulimi unaweza kuwa safi na nyama imejaa. Ndiyo maana nusu ya bei ibaki mpaka daktari wa mifugo aangalie nyama. Nguruwe wafungiwe, na wasipewe mabaki ya nyama mbichi: homa ya nguruwe haimdhuru mtu, lakini inaweza kumaliza zizi zima.

Wafadhili wetu, mlitupa nguruwe wa kufuga, tunashukuru. Kwa awamu inayokuja tunaomba bati na saruji za vyoo kwanza, kabla ya nguruwe wengine.

Mchango wa Noeli haujasahaulika. Nimependekeza urudishwe kidogo kidogo kwenye kasha la pamoja, na sehemu yangu nimeshaiacha kwa mtunza hazina asubuhi hii. Mama niliyemtaja, leo nitakuja kwako na kotelete mbili. Makala ninayo.