Mchanga Mweusi wa Ufukweni

Ukiona mstari wa mchanga mweusi ufukweni mwa ziwa baada ya mawimbi, chukua kiganja kimoja, ukaushe, upitishie sumaku. Chembe zinazorukia sumaku ni magnetaiti. Nyeusi zinazobaki, zikivutwa kwa shida, huenda zikawa ilmenaiti, madini yenye chuma, titani na oksijeni.

Ilmenaiti ni nzito karibu mara tano ya maji. Mwamba ukimomonyoka, maji na upepo hubeba chembe nyepesi na kuiacha ilmenaiti nyuma. Ndivyo mchanga wa Kwale, Kenya, ulivyokusanya titani iliyochimbwa kuanzia 2013 hadi 2024. Kwetu Tanzania, huko Liganga wilayani Ludewa, titani imo ndani ya mwamba wa chuma.

Ikikaa muda mrefu kwenye maji na hewa, ilmenaiti hupoteza chuma polepole, hupauka, na kiwango cha titani hupanda. Titani hiyo ndiyo hutumika kutengeneza rangi nyeupe ya kuta.

Ndugu msikilizaji, usichimbe ufukwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukihisi kuna madini, peleka sampuli ofisi ya madini.