Kabla ya Kuzima Ukuta wa Kinga, Angalieni Saa

Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta za mezani za zamani mara nyingi huamka na tarehe ya miaka iliyopita. Halafu kila tovuti inagoma, ikidai muunganisho si salama. Wengine hukimbilia kuzima ukuta wa kinga, ule unaoandikwa pare-feu kwenye menyu ya Kifaransa. Jamani, msiuzime! Cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta hukipima kwa saa yake yenyewe.

Fungueni mipangilio ya tarehe na saa. Msichague majira ya Kinshasa, maana sisi Bukavu tuko saa moja mbele. Chagueni Lubumbashi, au Harare kwenye Windows. Kisha bonyezeni kusawazisha. Ombi hilo hupitia mlango wa UDP namba 123, na kwa kawaida ukuta huliruhusu.

Tarehe ikipotea tena kila umeme unapokatika, betri ndogo ya duara, mara nyingi CR2032, imekwisha. Mwombeni fundi aibadilishe, na ukuta wenu uacheni ukiwaka.