Mfuko wa Zawadi kwa Rangi za Maji

Tangu amri ya mwaka 2018 ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki hapa Burundi, zawadi ya Idi au ya harusi inahitaji mfuko mwingine. Leo tunautengeneza wa karatasi.

Chukua karatasi ngumu ya A3, uilaze kwa mapana. Paka rangi kabla ya kukunja, maana brashi haipiti vizuri penye mikunjo. Anza na rangi hafifu, kali zifuate. Ukichora ngoma zetu zenye kijani, nyeupe na nyekundu, nyeupe usiitafute kwenye kisanduku: acha karatasi yenyewe. Na maji yawe kidogo! Wanaoanza hulowesha mno, karatasi ikajikunja. Msimu wa mvua rangi hukawia kukauka. Subiri, kisha ilaze karatasi chini ya vitabu vizito.

Sasa rula. Kutoka kushoto pima sentimita 14, 6, 14 na 6. Zitabaki 2 za kupaka gundi. Kunja kwenye kila kipimo, gundisha upate bomba. Ukingo wa juu ukunje ndani sentimita 3, uwe imara. Chini kunja sentimita 5, ingiza pembe za ubavuni, gundisha. Toboa matundu juu, pitisha kamba ya katani, funga fundo kwa ndani.

Mfuko huu utabeba kitenge au kitabu. Chupa za soda usiutwike.