Amana ya Maji ya Watoto Wetu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeyateremsha maji kutoka mawinguni akayafanya kuwa uhai wa viumbe. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, mlio msikitini na mlio majumbani mkitusikiliza, tunajiusia sisi wenyewe, kisha tunakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Maneno yetu ya leo ni juu ya amana ambayo wengi wetu hatukuzoea kuihesabu kuwa ni amana, nayo ni maji wanayokunywa watoto wetu shuleni na madrasani.

Tangu utotoni walimu wetu wametufundisha kuyachungua maji kabla ya kutawadha. Tunatazama mambo matatu: rangi, ladha na harufu. Mafundisho hayo ni ya haki na tunashikamana nayo. Lakini tufahamu kwamba kufaa kwa maji kutawadhia ni jambo moja, na usalama wake tumboni mwa mtoto ni jambo jingine. Madini ya risasi yakiingia katika maji hayageuzi rangi, wala ladha, wala harufu. Jicho haliyaoni na ulimi hauyatambui. Hujulikana kwa kupimwa tu.

Je, risasi hiyo hutoka wapi? Mara nyingi haitoki mtoni wala kisimani. Hutoka katika njia ya maji yenyewe: mabomba ya zamani yaliyotengenezwa kwa risasi, lehemu iliyounganishia mabomba, na bilula za shaba nyeupe iliyochanganywa na risasi. Maji yakiwa makali, huyala madini hayo kidogo kidogo. Yakilala bombani usiku kucha, au siku zote za mapumziko ya wiki, huyala zaidi. Basi kikombe cha kwanza cha asubuhi, anachokinga mtoto aliyewahi kufika kabla ya wenzake, ndicho kinachoweza kuwa na sumu nyingi zaidi.

Na sumu hii si ndogo. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne au tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Huudhuru ubongo, huupunguza uwezo wa kujifunza, na humfikia hata mtoto aliyemo tumboni mwa mama yake. Mwalimu humwona mwanafunzi hasikilizi, akamdhania mvivu, kumbe huenda ana dhara lisiloonekana.

Ndugu zetu, hebu tuzingatie yaliyotokea katika mji wa Flint, katika jimbo la Michigan, nchini Marekani. Mwezi wa Aprili 2014, kwa nia ya kupunguza gharama, wakuu waliacha kununua maji ya Detroit wakaanza kutumia maji ya mto wa Flint. Maji ya mto yalikuwa makali, na dawa ya kuyazuia yasile mabomba haikutiwa. Wananchi wakalalamika, wakaonyesha chupa za maji yenye rangi ya kutu. Wakaambiwa kwamba maji ni salama.

Oktoba ya mwaka ule ule, kiwanda cha injini cha General Motors kiliyakataa maji hayo, kwa sababu yalikuwa yakitia kutu vyuma vyake. Kikaruhusiwa kupata maji kwingine. Watoto wa Flint hawakurudishiwa maji ya Detroit mpaka Oktoba 2015. Vyuma viliepushwa na maji hayo mwaka mzima kabla ya watoto. Na tuupime msiba huu kwa mizani ya dini yetu: ni kipi kilichostahili kulindwa kwanza, injini au mwana wa Adamu?

Ukweli ulidhihirika kwa vipimo. Wenyeji walikinga maji ya bilula zao, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Virginia Tech wakayapima. Daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, akalinganisha vipimo vya damu ya watoto vya kabla na baada, akaona kwamba wenye risasi nyingi wameongezeka takriban maradufu. Mwanzo alipingwa, kisha wakuu wakakiri. Katika shule moja ya msingi maji yalikutwa na mikrogramu 101 za risasi kwa lita, hali kikomo cha serikali yao wakati huo kilikuwa 15, na kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni 10.

Wala tusiseme kwamba hayo ni ya nchi za mbali. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 kutoka Ghana, Mali na Niger ulikuta risasi iliyopita kipimo katika baadhi ya pampu na bilula, na vifaa vya shaba nyeupe vikawa miongoni mwa sababu zake.

Basi kila mmoja wetu ana wajibu wake. Mzazi na aulize shuleni, kwa adabu, kama maji yamewahi kupimwa risasi, na lini. Mwalimu mkuu na apeleke maabara maji yaliyolala bombani, yakingwe asubuhi kabla ya bilula kufunguliwa. Wakati wa kungoja majibu, maji ya mwanzo yaachwe yatiririke, yakingwe ya kufagilia au kumwagilia miti. Fundi na mfanyabiashara wasiuze wala wasifunge kifaa wanachokijua kuwa kina risasi, kwani faida yake ni dhara kwa mtoto wa mwenziwe. Na mama mpishi ajue kwamba kuchemsha maji huua vijidudu, na tusiache kuchemsha, lakini hakuiondoi risasi. Kiongozi naye asiseme maji ni salama kabla hajapima, kwani neno lake ni ushahidi, na ushahidi bila ya ujuzi ni hatari kubwa mbele ya Mola wetu.

Tutaulizwa juu ya wale tuliowekwa kuwachunga, na hatutakuwa na udhuru wa kusema kwamba maji yalionekana safi.

Ewe Mola wetu, tujaalie kuwa waaminifu wa amana zako, wahifadhi watoto wetu miili yao na akili zao, na uwape viongozi wetu masikio ya kuwasikia wanyonge. Amin. Wabillahi tawfiq.