Chombo cha Wazi na Mvua ya Masika

(Mazungumzo yaliyosomwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka, mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi wa sasa)



 Ndugu Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya jambo lolote linalotokana na kazi yangu. Mimi ni bwana shamba, au kwa lugha ya ofisini, afisa ugani. Kazi yangu ni kuwafikia wakulima wa Janga na vijiji vya jirani, na ninawafikia kwa pikipiki. Mwaka 2022 Serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani wa nchi nzima, nami nikawa miongoni mwa waliopata. Kwa hiyo nimechagua jambo ninalolijua kwa ngozi yangu, yaani namna ya kusafiri wakati wa mvua katika chombo cha wazi.

Huenda wengine wakaona kwamba somo hili ni dogo kwa mkutano wa wasomi. Lakini hebu tujiulize leo tumefikaje hapa. Wengi tumeshuka Mlandizi kwenye barabara kuu ya Morogoro, kisha tukapanda bodaboda au bajaji. Magodoro ya wanafunzi huletwa na guta. Tukienda mazikoni hupanda nyuma ya kirikuu. Bajaji ina paa la turubai, ni kweli, lakini mvua ya upepo haiingii kwa juu, huingia kwa ubavuni. Tangu mwaka 2010, ilipotolewa kanuni ya kuruhusu pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa malipo, vyombo hivi vimekuwa miguu ya wananchi wa Kibaha na Kisarawe.

Nayo mvua hatuwezi kuikwepa. Tuna masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Miezi hiyo ndiyo mkulima anaponihitaji zaidi. Hupanda mvua inaponyesha, na viwavijeshi vamizi, walioingia nchini mwaka 2017, hawaulizi kama barabara imekauka. Mwanafunzi naye hana likizo ya mvua. Hatuna budi kusafiri, basi tujifunze kusafiri.

Jambo la kwanza ni maandalizi kabla ya kuondoka. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Siku hizi tunazo dalili nyingine: Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kila siku, na simu iko mfukoni mwa kila mtu. Usikilizeni. Lakini katika sehemu zetu utabiri wa hapa peke yake hautoshi. Mto Ruvu chanzo chake ni milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Mvua kubwa ikinyesha kule, maji huchukua muda kushuka hadi bonde letu. Unaweza kuamka Janga jua linawaka, mbingu nyeupe, na huku mto unajaa. Kwa hiyo mtu anayekwenda bondeni asiulize tu, “Kwetu imenyesha?” Aulize pia, “Morogoro kukoje?” Vijana, hiyo ndiyo jiografia mnayofundishwa darasani, na hapo ina thamani kuliko koti.

Jambo la pili ni mavazi na mizigo. Mwenye chombo cha wazi hupata baridi hata katika pwani yetu ya joto, kwa sababu nguo iliyolowa ikipigwa na upepo hunyonya joto la mwili. Vidole hukakamaa, na fikra nazo hupungua wepesi. Mwendeshaji anayetetemeka huchelewa kushika breki. Mmewaona waendesha bodaboda wanavyovaa makoti kinyumenyume, mgongo ukawa kifuani. Msiwacheke. Wamegundua kwamba upepo na mvua huingia kwenye vifungo na zipu, nao wakaziba njia. Koti la mvua likiwa la rangi ya kung’aa ni bora zaidi, maana katika mvua dereva wa lori hakuoni mpaka uko puani pake. Kofia ngumu ivaliwe na wote wawili, mwendeshaji na abiria. Kioo chake kikipata ukungu kwa ndani, kipake sabuni kidogo kikiwa kikavu, kisha ukifute. Ukungu hautashika upesi. Mwavuli usifunguliwe juu ya pikipiki inayokwenda. Upepo ukiukamata, mwavuli hugeuka tanga, na pikipiki si jahazi.

Zamani tulifunga vyeti na madaftari ndani ya mifuko ya rambo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na kwa mkulima hilo ni jema. Basi tafuteni ndoo ndogo yenye mfuniko au kipande cha turubai. Kumbukumbu za wakulima wangu husafiri katika ndoo iliyokuwa ya rangi, na mpaka leo hazijalowa.

Jambo la tatu ni mwendo. Hatari haianzi mvua ikiwa kubwa. Huanza katika dakika za kwanza za manyunyu, wakati maji yanapochanganyika na vumbi na mafuta yaliyomwagika barabarani na kufanya utelezi. Mvua ikishapiga kwa muda, lami husafishika kidogo. Kwenye barabara zetu za udongo ni kinyume: kadiri inavyonyesha ndivyo unavyozama. Udongo mweusi wa bondeni hujaza matope kati ya tairi na bampa mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Hapo dawa ni kushuka, kukwangua na kusukuma. Ukilazimisha mafuta, unaunguza klachi.

Walimu wa fizikia wanisaidie hapa. Pikipiki iliyo katika mwendo wa kilometa 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kwa sekunde moja. Mtoto akitokea mbele yako, kabla mkono haujakaza breki umeshazimaliza mita hizo, na safari ya kusimama haijaanza. Barabara ikilowa, safari hiyo hurefuka. Lakini mwendo ukipunguzwa nusu, masafa ya kusimama baada ya kushika breki hayapungui nusu tu, hushuka hadi robo. Hakuna kifaa dukani kinachoweza kukupa faida hiyo, nacho hakiuzwi. Shika breki zote mbili, polepole, chombo kikiwa kimenyooka, na usizishike ghafula kwenye kona.

Wapenzi wa mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, watakumbuka mwaka 1963. Magari 84 yaliondoka, na kwa sababu ya mvua na matope yakafika saba tu. Walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1968 mvua ikarudi, yakafika saba tena, na washindi wakawa wale wale. Watu wawili hushinda mara mbili katika matope kwa sababu wanajua mahali pa kwenda kasi na mahali pa kutambaa. Kawia ufike.

Jambo la nne ni radi. Wengi huamini kwamba tairi za mpira humkinga mtu. Si kweli. Kinachomkinga mtu ndani ya gari ni bodi ya chuma inayomzunguka, na pikipiki haina bodi, wala turubai la bajaji si chuma. Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde mpaka ngurumo isikike, ugawe kwa tatu. Jibu ni umbali kwa kilometa. Ukihesabu chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilometa 10, na wakati wa kutafuta nyumba umefika. Msijikinge chini ya mwembe au mnazi uliosimama peke yake. Ngojeni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika kwenye jambo la tano, ambalo hasa ndilo lililonisimamisha hapa. Nalo ni maji yanayopita juu ya barabara.

Meta moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Maji hayo yakienda kasi maradufu, nguvu ya kusukuma huongezeka mara nne. Maji ya kina cha sentimeta 15 yaendayo kasi yaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimeta 30 yaweza kuelea na gari dogo. Pikipiki ni nyepesi kuliko gari. Zaidi ya hayo, maji ya matope hayaonyeshi kama barabara iliyo chini yake bado ipo. Mwezi Aprili 2024, huko Arusha, gari dogo la shule lilisombwa na maji ya korongo, na wanafunzi wakapoteza maisha. Gari lile lilikuwa na paa na milango. Mwezi huo huo Waziri Mkuu aliliarifu Bunge kwamba mvua na mafuriko ya msimu ule yalikuwa yamewaua watu 155.

Masika mojawapo nilikuwa natoka kukagua mihogo, nikafika kwenye kijito ambacho kiangazi ni mchanga mtupu. Maji yalikuwa yanapita juu ya kivuko cha zege. Nilisimama. Nyuma yangu akaja kijana wa bodaboda amepakia mishikaki, wanafunzi wawili wa shule ya msingi, mvulana na dada yake.

“Bwana shamba, unapita?” akaniuliza.

“Sipiti, mdogo wangu. Nimeweka jiwe pale ukingoni, na sasa limefunikwa. Maji yanapanda.”

Akayatazama maji, akaitazama saa ya simu yake. “Wewe una mshahara, bwana shamba. Mimi nina hesabu.”

Akatia gea. Yule binti ndiye aliyetuokoa sote. Alisema, “Kaka, mimi nashuka,” akashuka, akamvuta ndugu yake, wakakaa kwenye kisiki. Kijana hakuweza kuwaacha. Alimpigia simu mwenye pikipiki, akamweleza hali ilivyo, na jibu lilisikika mpaka nilipokuwa nimesimama: hesabu ni hesabu. Tulikaa pale zaidi ya saa mbili. Maji yalipopungua na jiwe langu likaonekana, tukavuka kwa miguu kwanza, kisha tukavusha vyombo. Hakuna aliyekufa siku ile, na ndiyo maana hamkusikia habari yake.

Nimeyafikiria sana maneno ya kijana yule. Yeye hakuwa mjinga, na hatari aliiona kama nilivyoiona mimi. Tofauti yetu ilikuwa moja: mimi nikichelewa kazini naandika maelezo, naye akichelewa analala na deni. Katika chombo cha wazi mvua humpiga anayeendesha, lakini uamuzi wa kuvuka mara nyingi hufanywa na mtu aliyekaa mahali pakavu. Koti, kofia na breki vyote vina kazi, lakini kinga kubwa kuliko zote ni ruhusa ya kusimama.

Ndugu zangu, wengi wetu humu ukumbini tuna pikipiki au bajaji tulizowapa vijana, kwa hesabu ya siku au kwa mkataba. Ni shughuli halali na inawapa vijana kazi. Ombi langu ni kwamba makubaliano yetu yawe na kifungu cha mvua: siku ambayo njia imefungwa na maji, hesabu isamehewe au isogezwe mbele bila ugomvi. Kwa mwaka mzima siku hizo ni chache. Pikipiki ikisombwa, tajiri hupoteza hesabu zote, na mama wa kijana hupoteza zaidi.

Kwa walimu wetu ninaowaheshimu, naomba mwanafunzi aliyechelewa kwa sababu ya maji asiadhibiwe. Mtoto anayeogopa adhabu atalazimisha kuvuka. Kwa wazazi, naomba tusiwapakie watoto mishikaki ili kuokoa nauli, hasa msimu wa mvua. Na kwa wakuu wa kazi, nikiwemo mimi kwa walio chini yangu, naomba tukumbuke kwamba ripoti inaweza kufika kesho.

Kwenu vijana wa shule, somo ni fupi. Baadhi yenu mtakuwa mabwana shamba, wauguzi na walimu wa vijijini, na chombo chenu cha kwanza kitakuwa cha magurudumu mawili. Jifunzeni kukiendesha na mpate leseni. Lakini leo, kabla ya leseni, mnaweza kutumia haki ambayo abiria yeyote anayo, aliyoitumia binti yule. Mkiona maji yanapita juu ya barabara, semeni, “Kaka, mimi nashuka.” Semeni kwa adabu, na mshuke kweli.

Ndugu Mwenyekiti, namaliza kwa kuitakia shule yetu masika mema, mazao mengi katika shamba la shule, na wanafunzi wote wafike na kurudi salama.